Uzi wa Mtu Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Mwandishi Maarufu wa Historia ya Zama za Kati

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mwandishi mmoja wa Marekani, mwanamke, aliyejijengea jina kwa vitabu kuhusu vita na siasa za karne ya 20, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaihama karne hiyo na kujitosa katika karne ya 14 ya Ulaya. Kitabu alichokitoa mwaka 1978 kilisomwa na watu wengi kuliko karibu kazi yoyote ya kitaaluma ya wakati wake kuhusu Zama za Kati, na papo hapo kikapingwa na baadhi ya wale waliokuwa wamezitumikia zama hizo maisha yao yote. Jina la mwandishi, familia yake, wachapishaji wake na majina ya vitabu vyake vimeondolewa, na humu ataitwa Mwandishi tu. Watu wa karne ya 14 wametajwa kwa majina yao, kwa kuwa bila wao kisa hakieleweki.

Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya wale wanaoandika au kuhariri historia kwa wasomaji wa kawaida. Maamuzi ya Mwandishi yanaonekana wazi, kwa sababu aliyaeleza mwenyewe katika utangulizi mrefu na wa kweli, na kwa hiyo tunaweza kulinganisha alichokusudia na kilichotokea. Hoja yangu ni moja: Mwandishi alizijua hatari za kazi yake na akazitaja kwa uwazi kuliko wakosoaji wake wengi, lakini muundo alioupa kitabu ulikuwa na nguvu kuliko tahadhari zake.

Usuli

Mwandishi alimaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1933 na hakuendelea na masomo ya juu. Katika miaka ya 1930 alifanya kazi ya utafiti na uandishi wa habari, akakaa Tokyo kwa muda, na mwaka 1937 akaripoti kutoka Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kitabu kilichompa umaarufu kilitoka mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 50, nacho kilisimulia mwezi wa kwanza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Agosti 1914. Kilimletea tuzo kubwa mwaka uliofuata, na mwaka 1972 akaipata tuzo hiyohiyo kwa mara ya pili kwa kitabu kuhusu jenerali wa Marekani nchini China.

Kukosa shahada ya uzamivu hakukumtia haya. Alipata kusema kwamba hilo ndilo lililomwokoa, kwa maana mafunzo ya aina hiyo yangeuua uwezo wake wa kuandika. Kauli hiyo imenukuliwa sana na waandishi wasio wasomi wa vyuo, na kwa sehemu ni ya haki. Hata hivyo inafaa kuisoma pamoja na desturi zake za kazi, ambazo zilikuwa kali. Aliandika madondoo yake kwenye kadi ndogo, akishikilia kwamba udogo wa kadi unamlazimisha mtafiti kuchuja papo hapo kilicho na maana na kisicho na maana. Alisisitiza kurudi kwenye vyanzo vya awali, yaani barua, shajara, ripoti na kumbukumbu za walioshuhudia, na kuvichukulia vitabu vya wanahistoria wengine kama viongozi wa mwanzo wa safari tu. Na alipenda kwenda mahali penyewe: kwa ajili ya kitabu cha 1914 alikodi gari dogo aina ya Renault, akazunguka nalo katika Ubelgiji na Ufaransa akifuata njia za majeshi.

Desturi hizo zilikuwa zimekua katika karne ya 20, ambamo vyanzo ni vingi mno, vimepigwa chapa na vimeandikwa kwa lugha za leo. Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipoanzia.

Mfuatano wa mambo

Mwandishi hakuanza na nia ya kuandika juu ya karne nzima. Alianza na tauni. Ugonjwa ule uliingia Messina, Sicily, Oktoba 1347, na hadi mwaka 1350 ulikuwa umepita karibu Ulaya yote. Makadirio aliyoyatumia yalisema kwamba uliua theluthi ya watu waliokuwa wakiishi kati ya India na Iceland. Swali lake lilikuwa la mtu wa zama za mabomu ya nyuklia: jamii ikipatwa na vifo vya kiasi hicho, hubadilika vipi?

Baada ya kusoma aligundua kwamba swali halijibiki kwa namna alivyoliuliza. Karne ya 14 ilipatwa na mengi kwa wakati mmoja, hata haikuwezekana kusema mvurugiko upi ulizaliwa na tauni na upi ulitoka kwingine. Mfalme Yohana II wa Ufaransa alitekwa na Waingereza vitani Poitiers mwaka 1356. Mwaka 1358 wakulima wa eneo la Beauvais waliinuka, wakachoma majumba ya makabaila, nao wakachinjwa kwa maelfu. Askari wa kukodiwa waliokosa vita waligeuka magenge ya wanyang'anyi. Mwaka 1378 Kanisa likagawanyika, likawa na mapapa wawili, mmoja Roma na mwingine Avignon. Mwandishi mwenyewe aliwahesabu wale wapanda farasi wanne wa Ufunuo wa Yohana kuwa sasa wamekuwa saba: tauni, vita, kodi, unyang'anyi, utawala mbaya, uasi na mfarakano wa Kanisa.

Hapo aliachana na swali la kwanza, akachukua karne yenyewe kuwa mada. Mada ya namna hiyo haina mwanzo wala mwisho wa kawaida, na ili isimtawanyikie mikononi alitafuta mtu mmoja ambaye maisha yake yangeipitia. Akampata Enguerrand VII wa Coucy, kabaila wa Picardy, kaskazini mwa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1340 na kufariki mwaka 1397. Utafiti na uandishi ulichukua takriban miaka saba.

Maamuzi na sababu zake

*Kumchagua Coucy*

Huu ndio uamuzi uliobeba yote mengine, na sababu zake Mwandishi alizitaja moja baada ya moja. Hakutaka mfalme wala malkia, kwa kuwa kila kitu chao ni cha pekee na wamekwisha kuandikwa sana. Hakutaka mtu wa kawaida, kwa kuwa maisha ya mkulima au fundi yasingeweza kugusa upana aliouhitaji. Hakutaka kasisi wala mtakatifu, kwa sababu alikiri kwamba hao walikuwa nje ya uwezo wake wa kuelewa. Wala hakutaka mwanamke, kwa hoja kwamba mwanamke yeyote wa zama hizo mwenye kumbukumbu za kutosha hawezi kuwa wa kawaida.

Coucy alifaa kwa namna ya kushangaza. Mama yake alifariki mwaka 1349, mwaka wa tauni. Akiwa kijana wa miaka 18 alishiriki kuuzima uasi wa wakulima. Mkataba wa Brétigny wa mwaka 1360 ulipotaka Ufaransa itoe makabaila wawe rehani hadi fidia ya mfalme wake ilipwe, Coucy alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Uingereza, na huko mwaka 1365 alimwoa Isabella, binti mkubwa wa Mfalme Edward III, akafunguliwa bila kutoa fidia. Kwa miaka 12 alikuwa mkwe wa mfalme mmoja na kibaraka wa kikabaila wa mwingine, huku falme hizo mbili zikipigana. Edward alipokufa mwaka 1377 aliurudisha utii wake wa Kiingereza, akabaki Mfaransa mtupu. Mwaka 1380 alipewa cheo cha ukuu wa majeshi ya Ufaransa, akakikataa. Mwaka 1390 alikwenda na jeshi la Wafaransa na Wagenoa kuuzingira mji wa Mahdia, katika Tunisia ya leo, bila mafanikio. Na mwaka 1396 alikwenda vita vya msalaba vilivyoishia kwa maangamizi huko Nicopolis, katika Bulgaria ya leo, akatekwa, na Februari 1397 akafariki Bursa akiwa mfungwa wa Sultani Bayezid, kabla fidia haijafika.

Kulikuwa na faida nyingine. Wakati Mwandishi anaanza, hapakuwa na wasifu wa kutegemewa wa mtu huyu uliochapishwa, na kwa hiyo alikuwa na kitu kipya cha kumpa msomaji. Waandishi wa tarikhi wa wakati wake, Jean Froissart akiwa wa mbele, walimsifu kwa busara na uzoefu.

*Tarehe, hesabu na fedha*

Eneo hili ni la kiufundi, na ndipo uangalifu wake unapoonekana karibu zaidi. Katika desturi ya Ufaransa ya wakati ule mwaka mpya ulianza siku ya Pasaka, ambayo huhamahama kati ya Machi na Aprili. Mkuu wa wafanyabiashara wa Paris, Étienne Marcel, alipouongoza umati ulioingia kwenye jumba la kifalme na kuwaua maofisa wawili wa jeshi mbele ya mwana wa mfalme, tarehe kwa hesabu yetu ilikuwa 22 Februari 1358. Kwa hesabu ya waliokuwapo, bado ulikuwa mwaka 1357. Mtu yeyote anayeandika bila kulijua hilo anaweza kuweka tokeo kabla ya chanzo chake kwa mwaka mzima. Mwandishi wetu alilieleza jambo hilo kwa msomaji wa kawaida, bila kulificha kwenye tanbihi, kisha akazigeuza tarehe zote ziwe za kalenda yetu.

Alifanya vivyo hivyo kwa idadi za askari. Watu wa tarikhi za zamani walitaja malaki ya wapiganaji pale Nicopolis, ilhali makadirio ya wanahistoria wa leo ni maelfu kumi hadi ishirini hivi kwa kila upande. Kuhusu fedha, ambazo zilikuwa za majina mengi na thamani isiyotulia, alikataa kuzigeuza kuwa dola za wakati wake, akamshauri msomaji azichukulie kama vipande kadhaa vya fedha tu. Huo ni ushauri wa mtu aliyejua mipaka ya elimu yake, na wahariri wanaowashinikiza waandishi waweke thamani ya leo kwa kila kiasi cha kale wangefanya vema kuutafakari.

*Kukiri upotovu wa kumbukumbu*

Mwandishi aliona jambo jingine ambalo wengi hulipita. Kumbukumbu zinazosalia ni za mabaya: mashtaka, madai, malalamiko, amri za kuzuia maovu. Siku ambayo soko lilifunguliwa, watu wakauza na kununua wakarudi nyumbani salama, haimlazimishi mtu kuchovya kalamu. Kutokana na hilo alitoa kanuni aliyoipa jina lake, kwamba jambo baya likisharipotiwa huonekana kuwa kubwa mara tano hadi mara kumi ya lilivyokuwa. Aliiweka kanuni hiyo mwanzoni mwa kitabu kabisa.

*Kulinganisha na karne ya 20*

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa kuifanya karne ya 14 kioo cha karne yake. Hoja yake ilikuwa ya kumfariji msomaji: watu wa miaka ya 1970, waliokuwa wametoka katika vita viwili vya dunia na kuishi chini ya hofu ya silaha za nyuklia, wangeona kwamba binadamu aliwahi kupita katika giza kubwa vilevile na akatoka. Mahali pa Coucy palimsaidia. Ngome ya ukoo huo, iliyojengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, ilikuwa na mnara wa mviringo wenye urefu wa zaidi ya mita 50. Mnara huo ulidumu karibu karne saba, hadi Machi 1917, ambapo jeshi la Ujerumani lililokuwa likirudi nyuma liliuangusha kwa takriban tani 28 za baruti. Kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuandika kuhusu Agosti 1914, kifusi kile kiliziunganisha karne mbili bila yeye kuhitaji kulazimisha lolote.

Matokeo

Kitabu kilitoka mwaka 1978, kikakaa kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi nchini Marekani kwa miezi mingi, na mwaka 1980 toleo lake la jalada jepesi likapata tuzo ya kitaifa ya historia. Mwaka huohuo Mwandishi alialikwa kutoa mhadhara wa heshima ya juu kabisa ambao serikali ya Marekani hutoa katika taaluma za utu. Kitabu hakijawahi kuadimika madukani tangu wakati huo, na kwa wasomaji wengi wa Kiingereza ndiyo njia yao ya kwanza ya kuijua karne ya 14.

Majarida ya kitaaluma yalimpokea kwa mikono miwili tofauti. Waliosifu walisifu usimulizi wake. Waliokosoa walisema kwamba alitegemea mno tarikhi zilizokwisha kuhaririwa na kutafsiriwa, na vitabu vya wanahistoria wa zamani ambavyo utafiti ulikuwa umeshavipita. Kwamba aliichukulia dini ya watu wale kana kwamba ilikuwa unafiki au ushirikina mtupu. Na kwamba Coucy mwenyewe anapotea kwa kurasa nyingi.

Uchambuzi: kilichofaulu

Uzi wa mtu mmoja ulifanya kazi yake. Nadhani ndio sababu kubwa ya kitabu kusomwa, na ulifanya kazi hasa pale ambapo maisha ya Coucy yalimpeleka mahali mambo mawili yanapogongana. Chukua usiku wa kuamkia vita vya Nicopolis, 25 Septemba 1396. Mfalme Sigismund wa Hungaria, aliyewajua Waosmani kwa kupigana nao, alitaka askari wa miguu watangulie, na wapanda farasi wa Ufaransa wawekwe akiba kwa pigo kuu. Coucy, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka kwenye upelelezi uliofaulu, pamoja na amiri wa bahari Jean de Vienne, walimuunga mkono. Mkuu wa majeshi, Philippe d'Artois, kabaila wa Eu, aliona ni fedheha makabaila wa Ufaransa kutanguliwa na watu wa miguu, akadai kwamba mfalme anataka kujitwalia sifa. Wakubwa wenzake wakamfuata, wapanda farasi wakapanda kilima mbele ya wote, na kufikia mwisho wa siku waliobaki walikuwa wafu au mateka. Msomaji aliyemfuata Coucy kwa miaka 50 hahitaji kuelezwa kwa nadharia jinsi tabaka la wapiganaji lilivyoshindwa kubadilika na wakati. Anaiona nadharia hiyo ikizungumza kwa sauti ya watu waliomo hemani.

Jingine lililofaulu ni uwazi wa utangulizi. Kumwambia msomaji kwamba tarehe zina shida, kwamba idadi zimetiwa chumvi, kwamba vyanzo vinapingana, hakukumfukuza. Wachapishaji wengi huhofia kwamba msomaji wa kawaida atachoka akielezwa mambo hayo. Mauzo ya kitabu hiki yanaonyesha kwamba msomaji huyo hupenda kuheshimiwa.

Uchambuzi: kilichokwama

Nianze na Coucy mwenyewe. Sababu iliyotolewa ya kumwacha mwanamke ni kwamba angekuwa si wa kawaida. Kwa kipimo hicho Coucy naye asingepita: ni wangapi katika Ufaransa yote waliokuwa wakwe wa mfalme wa Uingereza? Alichaguliwa kwa sababu maisha yake ni ya kipekee na yana kumbukumbu, yaani kwa sifa zilezile zilizomkatalia mwingine. Na mwanamke alikuwapo. Christine de Pizan, aliyezaliwa mwaka 1364 na kufiwa na mumewe akiwa na miaka takriban 25, alilea watoto wake kwa mapato ya kalamu, akaandika kuhusu vita, siasa na hadhi ya wanawake. Simaanishi kwamba kitabu kingekuwa bora kwa kumfuata yeye; upeo wake ungekuwa tofauti, na vita vya Nicopolis vingeonekana kwa mbali. Ninachosema ni kwamba sababu iliyoandikwa si sababu iliyofanya kazi. Coucy alifaa kwa kuwa alipita penye vita na mikataba, na hapo ndipo Mwandishi alipokuwa amezoea kufanya kazi tangu kitabu cha 1914. Kwa hiyo karne aliyotuonyesha ni karne ya makabaila, ikitazamwa kutoka juu ya farasi, na wakulima, mafundi na wanawake wa mjini huingia pale tu wanapoasi, wanapokufa au wanapopambwa kwa harusi.

Kuna tatizo la pili lililofungamana na hilo. Coucy hakuacha barua za moyoni. Tunachojua kuhusu tabia yake kinatoka zaidi kwa watu wa tarikhi, na Froissart, pamoja na uzuri wake wote, aliishi kwa ukarimu wa wakubwa: kwanza katika nyumba ya Malkia Philippa, mama yake Isabella, na baadaye chini ya makabaila wengine. Sifa anazompa Coucy ni sifa za mtu aliyewaandikia marafiki na jamaa wa msifiwa. Mwandishi, aliyesisitiza vyanzo vya awali maisha yake yote, alikuwa hapa na chanzo cha awali kweli, lakini chenye ajenda yake, na hati za mahakama, za kodi na za mashamba ambazo zingeweza kukipima zilikuwa katika Kilatini na Kifaransa cha kale, kwa mwandiko usiosomeka bila mafunzo maalumu. Mafunzo hayo ndiyo aliyodhani yangemuua. Kwa karne ya 20 alikuwa sahihi, kwa sababu hati za 1914 zilisomeka bila hayo. Kwa karne ya 14 kukosekana kwake kulikuwa na bei, nayo ililipwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa watoto. Mwandishi alisema kwamba katika yote yanayozitofautisha Zama za Kati na zetu, hakuna linaloshangaza kama upungufu wa kuwajali watoto wadogo, akaeleza kwamba vifo vingi vya utotoni viliwafanya wazazi wasiwekeze mapenzi. Msingi wa dai hilo ulikuwa nadharia iliyotolewa Ufaransa mwaka 1960 na iliyokuwa na nguvu sana wakati anaandika. Lakini tangu miaka ya 1980 wanahistoria waliopekua hati za uchunguzi wa vifo vya ghafla nchini Uingereza walikutana na wazazi wakiacha kazi kumtafuta mtoto aliyepotea, mama akiingia motoni kumwokoa mchanga wake, majirani wakilia juu ya kisima. Dai la Mwandishi halikudumu. Halikuwa kosa la uvivu; aliamini wataalamu wa wakati wake. Ila alikuwa amewachagua wataalamu walioafikiana na picha aliyokuwa nayo tayari, ya karne katili, na hapakuwa na chochote ndani ya muundo wa kitabu cha kumlazimisha aulize mara ya pili.

Hapa ndipo hoja yangu kuu inaposimama. Ile kanuni ya mara tano hadi mara kumi ilikuwa sahihi, na kama ingetumika kama kipimo cha kila sura, ingekibadilisha kitabu. Haikutumika hivyo. Ilibaki mlangoni, na ndani sura zilifuatana kwa mpangilio wa majanga: njaa, tauni, vita, uasi, mfarakano, wazimu wa mfalme, maangamizi. Sababu ni kwamba kioo kilikuwa kimeshawekwa kabla. Mwandishi alikwenda karne ya 14 akitafuta zama zilizovunjika kama zake, na mtu anayetafuta uvunjifu huupata, hasa katika kumbukumbu ambazo, kama alivyosema mwenyewe, huandika mabaya tu. Tahadhari iliyomo kwenye utangulizi haiwezi kuzuia muundo unaokusanya mabaya. Ili izuie, lazima iwe na kazi katika kila ukurasa: kuuliza, kwa mfano, ni nani aliyeandika lalamiko hili, kwa nani, na majirani zake walikuwa wakifanya nini mwezi huo.

Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki ataona pia jambo ambalo wakosoaji wa Marekani hawakuligusa. Kuita karne nzima ya maafa ni kuitazama kutoka Picardy. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vema, na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa katika kilele cha biashara ya dhahabu ya Sofala. Mwandishi hakudai kuandika historia ya dunia, na hilo si la kumlaumu. Lakini kichwa cha kitabu kinapotamka karne badala ya mahali, wasomaji huchukua mahali pale kuwa dunia, na wengi walichukua hivyo.

Kitabu kilichofuata

Mwaka 1984 Mwandishi alitoa kitabu kingine kilichoanzia Troya ya kale, kikapita kwa mapapa wa miaka ya kabla ya Matengenezo ya Kanisa, hadi vita vya Marekani nchini Vietnam, kikidai kwamba serikali hurudia kutenda dhidi ya maslahi yake zenyewe hata zinapoonywa. Nia ya kulinganisha zama ilikuwa ileile, na sasa ilikuwa imekuwa kitabu kizima. Kiliuzwa vizuri kwa jina lake, lakini wahakiki wengi walikiona dhaifu kuliko kile cha 1978.

Ukiviweka viwili hivyo pamoja, tofauti inaonekana. Katika kile cha 1978 Coucy alikuwa akiuhangaisha ulinganifu. Hakuwa mtu wa majanga peke yake: alikataa cheo kikubwa, aliachana na utii mmoja kwa heshima, alishauri subira kabla ya Nicopolis, na kila alipofanya hivyo sura ya karne katili ilipata ufa. Maisha yake, kwa jinsi yalivyoweza kujulikana, yalikuwa ndiyo ushahidi pekee kitabuni ambao Mwandishi hakuweza kuupanga kwa kufuata hoja. Katika kitabu cha 1984 hapakuwa na mtu wa namna hiyo, na kila mfano uliitwa kuja kuthibitisha kilichokwisha kusemwa. Kwa hiyo uzi ambao wakosoaji wa 1978 waliona unapotea kurasa kwa kurasa ndio uliokuwa ukiibana hoja isijitanue, na pale ulipoonekana, Mwandishi aliandika kurasa zake bora.